Taa ya Zizini na Mtama wa Mama

Nilipofika nyumbani Ushetu kwa likizo ya Pasaka, nilimkuta baba ananoa panga. Mtama wa mama kando ya zizi ulikuwa umenenepa majani na kunipita urefu, lakini suke hakuna. Mahindi yalikuwa yameshaungua na jua. Mtama huo ndio waliobaki nao kwa chakula cha mwaka.

"Kesho naukata, ng'ombe wale," alisema baba. Mama jikoni akazidi kuchochea moto.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, lakini sikujua mtama ule una nini. Nikalizunguka shamba kwa hasira. Nyuma ya ghala nikakuta mashina machache yenye masuke mazuri. Mbegu ile ile, udongo ule ule. Kilichokosekana pale ni mwanga wa taa kubwa ya sola ambayo baba aliifunga zizini baada ya kuibiwa ng'ombe. Taa hiyo huwaka mpaka alfajiri, lakini ghala liliuzuia mwanga wake usifike hapo.

Somo hilo nimelifundisha kwa chaki mpaka nikalichoka. Mtama wetu wa kienyeji husubiri usiku mrefu. Giza likitosha, majani hutengeneza homoni inayopanda hadi kileleni mwa shina na kuamuru: majani basi, sasa suke. Shamba la mama halikuwa na usiku, kwa hiyo liliendelea kutoa majani tu.

"Baba, zima taa."

"Wezi waje wamalizie waliobaki? Ng'ombe hawalindwi na vitabu, mwalimu."

Mama akatoka jikoni na kipande cha bati. "Basi Baba, taa iangalie zizi lako, isiangalie shamba langu."

Baba alipanda ngazi akinung'unika, akalifunga bati upande wa shamba. Panga likarudi ukutani.

Nilirudi shuleni kwangu Ngokolo na hofu tele. Je, kama nimempa mama tumaini la bure? Kila nilipopiga simu alijibu, "Majani, mwanangu. Majani tu." Mpaka asubuhi moja, kabla sijamaliza shikamoo, akapiga kelele: "Masuke yametoka!" Nilikaa chini mlangoni mwa darasa, nikacheka huku nalia, na wanafunzi wakinitazama.

Baada ya mavuno, nilipokuwa nyumbani tena, baba aliwaambia wageni kwamba ni mvua tu ilichelewa. Nikamwacha. Jioni ile tulikuwa tunakula ugali wa mtama, upepo ukalegeza bati. Baba akaacha tonge mkononi, akakimbilia ngazi. Shambani yalikuwa yamebaki mabua matupu.