Jibu ni Saba

Wanafunzi walimwita Mama Mizani, kwa kuwa hata kipande cha chaki angekipima kabla ya kukupa. Alifundisha kemia tangu ujana wake, na maabara ya shule aliilea kama mwanawe. Kisha akajipalia makaa: akamtafutia kazi wifi yake, dada wa mumewe. Asante ya punda ni mateke. Mwaka haukuisha, wifi akamchongea kwa mkuu wa shule kwamba kazeeka, atakuja kuwaunguza watoto. Funguo za maabara zikahamia kwa wifi. Mumewe akamwambia ayameze tu, yule ni damu yake.

Ayameze! Alimchukia wifi yule mpaka chakula kikawa hakipiti.

Sasa mkaguzi alikuwa anakuja. Wifi angefundisha mbele yake, na somo likienda vizuri angethibitishwa kuwa mkuu wa maabara. Somo lenyewe lilikuwa kutafuta fomula ya chumvi ya haluli: unaipima, unaichoma mpaka maji yaliyojificha ndani yatoke kwa mvuke, unaipima tena, na upungufu unakuambia kila chembe ya chumvi ilibeba chembe ngapi za maji. Jibu ni saba, kila mwalimu analijua.

Siku moja kabla, Mama Mizani akaazima chupa ya chumvi ile mbele za watu, eti kwa kipindi chake. Akaenda nayo nyumbani, akaikausha kwenye oveni kwa moto mdogo mpaka karibu nusu ya maji ikatoka, akaisaga, akairudisha. Chumvi ile ni nyeupe ikiwa na maji, na ikikauka ni nyeupe vilevile. Nani angejua? Alilala usingizi mtamu.

Siku ya siku, wifi alichoma, akaacha ipoe, akapima, akachoma tena mpaka uzito ukagoma kushuka. Akaikodolea macho mizani. Mama Mizani, aliyekaa nyuma na mkaguzi, alimwona akivuja jasho, na Mungu amsamehe, alifurahi. Mara wifi akaigeuza mizani ielekee ukutani, asiisome mwingine, akaandika ubaoni tarakimu safi kabisa, na jibu likatoka saba.

Kapika tarakimu! Kapika mchana kweupe, na mkaguzi anaitikia kwa kichwa.

Lakini mkaguzi akasimama. Alisema kipimo kimoja si kipimo, akamwomba Mama Mizani, kwa uzoefu wake, arudie kwa chumvi ya chupa ileile. Wifi akamtazama, akaitazama chupa, na hapo akaelewa nani kamfanyia. Mama Mizani naye akaelewa. Akiandika saba, wote wawili wamepona, na wifi kapata cheo. Akiandika atakachokiona, wifi ni mwongo, na itaulizwa jana chupa ilikuwa kwa nani.

Akachoma, akapima, akachoma tena. Wifi akasogea, akijifanya kumshikia koleo.

“Wifi, tutaangamia wote,” alinong'ona.

“Basi tuangamie.”

Akaandika nne, kubwa, ubao mzima waione. Kisha akamgeukia mkaguzi, akamweleza bila kuulizwa kwamba chumvi kaikausha yeye, kwa mkono wake, na mwenzake kaona uzito haukubali, akatunga.

Kabla shule haijafungwa siku ile, funguo zilikwenda kwa mwalimu wa biolojia, na wao wawili wakakatazwa kukanyaga maabara. Jioni Mama Mizani alipakua, akala, akaongeza.