Wati Tatu za Nahashon

Jirani yangu Nahashon ni Mkenya wa Nakuru, fundi wa kompyuta katika ofisi moja Al Sadd, hapa Doha. Mkitaka kuona mtu mwenye akili nyingi asiyejua pa kuzipeleka, njooni Muaither niwaonyeshe mlango wake. Umepakana na wangu. Villa yetu imegawanywa vyumba tisa kwa ukuta wa jipsamu, ule ambao mtu akipiga chafya upande wa pili unamjibu bila kunyanyua sauti. Mkataba unasema kila chumba watu wawili. Chumba kile anaishi yeye na mkewe Jeptoo, muuguzi. Changu naishi mimi na mume wangu Makame, dereva, pamoja na ndugu yangu Yusufu, mlinzi wa jengo, ambaye kwa mujibu wa mkataba hayupo duniani.

Mimi naitwa Zuhura, mtu wa Unguja. Nipo mapokezi hotelini zamu ya jioni, kwa hiyo asubuhi nipo nyumbani na hakuna kinachonipita. Kiarabu ninacho, cha chuoni na cha kazini. Kiswahili sina haja ya kukitaja, maana kilizaliwa kwetu, kikakulia Bara, kikaenda kuugulia Kenya. Mudiri, yaani msimamizi wa villa, Ustadhi Bashir, Msudani mstaarabu mwenye tumbo la heshima, akiwa na neno na Waswahili wake hunipigia mimi. Nami hutafsiri, na nikiona neno limekosa chumvi huitia.

Mwaka jana Nahashon akapatwa na maradhi ya spika. Wanaume wengine wa Doha wakipatwa huenda dukani, wakanunua kidude kimoja kinachotikisa vikombe, wakapona. Huyu alikwenda Sanaiya, mtaa wa viwanda, kwa seremala wa Kinepali akakatiwa plaiwudi, akaja nayo, akapiga randa na kutia gundi uani Ijumaa sita mfululizo, mpaka yakasimama maboksi mawili yenye kimo changu. Kila boksi lina tundu moja. Kila tundu lina spika moja.

Nikamuuliza ya besi iko wapi.

"Ni hiyo hiyo, dada Zuhura."

"Na ya sauti nyembamba?"

"Hiyo hiyo pia. Hii inaitwa ful renji. Inafanya kazi yote peke yake."

Nikamwambia hata mimi nafanya kazi yote peke yangu na hakuna aliyenipigia randa.

Kisha ikaja amplifaya, mashine ya kuzipa spika nguvu. Aliiunda mwenyewe juu ya meza ya Jeptoo, pale Jeptoo alipokuwa akiweka mafuta yake ya nywele, ambayo sasa yanaishi dirishani. Si hizi amplifaya za watu wenye akili timamu. Ni ya valvu, zile chupa za kioo za redio za mababu, zinawaka rangi ya chungwa na kutoa joto. Mwezi wa nane, Doha, nje hata paka wamejificha chini ya magari, mtu ana jiko mezani kwake! Halafu anazima kiyoyozi, ati mvumo wake unamharibia muziki. Watu wamevuka bahari kuja kutafuta riziki, yeye amekuja kutafuta jasho.

Siku moja nilifanya kosa la kumuuliza kwa nini asinunue amplifaya ya kawaida. Alinisimamisha jikoni hadi wali wangu ukashika chini. Valvu, alisema, haina nguvu, lakini ina utu. Ukiifunga na spika nzito za dukani utasikia kama mtu anayesema ndani ya blanketi. Inataka spika nyepesi, yenye karatasi inayosukumika kwa pumzi. Hizo mbili lazima ziposane, mnyonge kwa mwepesi, ndipo sauti ya mtu inatoka kama mtu. Akasema pia kwamba spika zake hazijaiva. Zinataka saa mia mbili za kupigwa ndipo karatasi ilainike, na mpaka ziive hatamwita yeyote kusikiliza, hata mkewe. Maharage ya kwetu huiva kwa saa mbili na bado tunayaita makaidi.

Nilimcheka, lakini hakuwa na ubaya na mtu. Akitoka kazini hakai barazani kusengenya, sifa ambayo sikuithamini wakati ule, kwa kuwa baraza lenyewe nilikuwa mimi.

Sasa, mwezi wa tisa manispaa ikaanza kukagua villa zilizojaa watu. Mudiri akatoa onyo: chumba kitakachokutwa na mtu wa tatu kitafungwa, wenyewe watoke. Tangu siku hiyo neno "tatu" likawa linanipanda mgongoni. Yusufu nilimwambia asikohoe. Kila nikisikia gari nje, namsukumia nyuma ya pazia na godoro lake.

Ndipo Alhamisi moja mudiri akanipigia. Mtu amemwambia amemwona Mkenya akiingiza maboksi marefu. Anataka kujua mle chumbani mmewekwa nini. Nikamwandikia Nahashon: "Mudiri anauliza una nini humo ndani." Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, huku nyuma drili inalia: "Dada Zuhura, mwambie asiwe na wasi. Hapa ndani niko na wati tatu peke yake, na hazisumbui mtu."

Naapa sikusikia wati. Nilisikia watu. Watu tatu hazisumbui mtu! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wakenya nawajua, kwao kila kitu ni "tatu" na "hazi", watu na mbuzi mamoja. Sauti ile niliituma kwenye kundi letu la wanawake wa Kizanzibari, wakacheka na wao, mmoja akauliza hao "watu tatu" wanauzwa kwa kilo. Kicheko kilipoisha nikampigia mudiri.

"Anasema ana watu watatu," nikamwambia kwa Kiarabu fasaha.

"Thalatha?"

"Thalatha."

Nisiseme uongo, nilipata afueni. Kama kuna mwingine mwenye mtu wa tatu, basi macho ya mudiri yatakwenda kwake. Tena ushahidi nilikuwa nao. Asubuhi, Jeptoo akishaondoka kwenda hospitali na mumewe hajatoka, ukutani kwangu nilikuwa nikisikia mwanamke akiimba. Si redio. Redio ina mikwaruzo yake, utaijua. Huyu alikuwa mtu mzima anayevuta pumzi kati ya neno na neno, mita mbili kutoka kitandani kwangu. Mara moja hata nilimsikia akisafisha koo.

Mudiri alimwandikia Nahashon kwa Kiingereza alichotafsiriwa na simu kwamba Jumamosi atakuja kukagua, na akikuta mtu wa ziada, mwisho wa mwezi atoke. Usiku ule ule, nimeshatoka kazini, Nahashon akanigongea. Yusufu alikuwa amelala katikati ya chumba, nami sikufungua.

"Dada, kuna mtu amenisingizia," alisema nje ya mlango. "Nikitolewa hapa ni bed space, watu sita kwa room moja. Hata Jeptoo hatakubaliwa kuishi hapo. Na hizi spika nitaweka wapi? Tafadhali ongea na mudiri, anakuskia."

"Zungumza naye mwenyewe," nikamjibu kwa mlango uliofungwa. Angeniuliza swali moja tu la pili, mambo yangekwisha pale pale. Lakini nilikuwa nimesimama na mguu mmoja juu ya godoro la Yusufu, sikutaka maswali.

Jeptoo alinikuta jikoni kesho yake. Ni mwanamke mrefu, hana maneno mengi.

"Huyo mtu wa tatu ni nani?" akaniuliza.

Ningeweza kusema sijui. Nikasema, kwa sauti ya huruma ambayo nikiikumbuka najitemea mate, "Mwanangu, mimi simjui. Namsikia tu. Wewe ukitoka, yeye anaimba." Nikaongeza chumvi yangu: "Sauti nzuri, lakini."

Jeptoo akazima jiko, akaacha ugali wake haujaiva, akachukua mkoba na kwenda kwa rafiki yake Shiru, kule Umm Salal. Usiku huo ukutani hapakusikika kitu.

Jumamosi asubuhi mudiri akaja, nami nyuma yake kama mkalimani wa serikali. Yusufu alikuwa amebadilishiwa zamu, amelala kwangu nyuma ya pazia, lakini mudiri alikuja kwa chumba kimoja tu, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Jeptoo alikuwa ameshafika, bado na sare ya hospitali, amesimama mlangoni na mikono kifuani. Hakuja kumtetea mumewe. Alikuja kumwona huyo mwanamke.

Mudiri akafungua kabati la nguo. Akainama kwa taabu akachungulia uvunguni. Akagonga maboksi ya spika kwa kidole kana kwamba watu wamo. Kisha akaniambia nimuulize: wako wapi wale watatu?

"Watatu gani?" akasema Nahashon. Macho yalikuwa mekundu, hakuwa amelala.

"Umesema mwenyewe," nikamwambia, nikatoa simu, nikaicheza ile sauti mbele ya wote ili haki itendeke. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa kama kawaida ya mle ndani. Katika ukimya ule sauti ilitoka imenyooka: niko na wati tatu peke yake, na hazisumbui mtu.

Nahashon alinigeukia. Sikuwahi kumwona amekasirika. Alipofungua mdomo, ule Ukenya wake wote ulikuwa umekwenda likizo.

"Dada Zuhura, watu wako katika ngeli ya A-WA. Ningekuwa na watu ningesema watu watatu, nao hawasumbui. Wati iko katika ngeli ya I-ZI. Wati tatu, hazisumbui. Ni nguvu ya hii amplifaya. Nilipata A ya Kiswahili kwenye mtihani wa KCSE."

Sisi kwetu ngeli hatuzisomi kwa herufi, tunazaliwa nazo, kama nilivyowaambia Wakenya wengi bila kuulizwa. Sasa Mkenya alikuwa amesema kwa usahihi kila upatanisho wa ngeli, na mwenye lugha ndiye aliyemharibia. Mudiri akanigusa bega: amesema nini? Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, kwamba Kiswahili cha watu hawa hakieleweki. Nikamtazama Jeptoo nikalimeza. Nikamwambia mudiri nimekosea. Hapana watu, pana umeme, na umeme wenyewe mdogo kuliko wa balbu. Kulisema hilo kwa Kiarabu fasaha hakukunisaidia.

"Na mwanamke?" akauliza Jeptoo.

Nahashon alisogea mezani. Aliwasha ile amplifaya akasubiri. Zile chupa zikaanza kuwaka taratibu, sisi wanne tumesimama tunatokwa jasho tukiziangalia. Kisha mwanamke akaanza kuimba katikati ya chumba, pasipo na mtu. Mudiri akageuka kutazama nyuma yake. Jeptoo akashika kizingiti.

"Hiyo ni mimi," akasema.

"Mazoezi ya kwaya, mwezi wa tano," akasema Nahashon, sasa kwa Kiswahili chake cha siku zote. "Nilikurekodi ukiimba solo. Nilikuwa nangoja spika ziive ndio nikuite. Zilikuwa zimebakisha kama saa kumi hivi."

Jeptoo akakaa kitandani. Hakulia. Alisikiliza kama mtu anayesomewa barua, na ilipofika pale anaposafisha koo akacheka kidogo, akamshika mumewe mkono. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Wimbo ulipokwisha mudiri akasema khalas, yamekwisha, Nahashon hana kosa, abaki. Akajifuta jasho, akanitabasamia. "Na kwa kuwa nimeshafika," akasema kwa Kiarabu, "tuhesabu na vyumba vingine. Tuanze na chako."

Sikutafsiri, wala hapakuwa na haja. Nahashon hajui Kiarabu, lakini aliona kidole cha mudiri kinaelekea wapi, na aliuona uso wangu. Ukuta ule ni wa jipsamu kwa pande zote mbili. Mwaka mzima alikuwa akimsikia Yusufu akikoroma, na hakuwahi kumwambia mtu.

Akavuta kiti, kile kimoja tu anachokaa yeye, akakiweka pale hasa alipopima kwa utepe kati ya spika mbili. "Sir, please," akamwambia mudiri, "one more. The second one is better." Mudiri ni Msudani. Mtu akimwekea kiti hawezi kukikataa. Akakaa.

Jeptoo akainuka. "Naleta chai," akasema. Akanipitia karibu kabisa, akaninong'oneza sikioni: "Mimi na wewe tutaongea." Nikamsikia akitoka, akigonga mlango wangu kwa kucha, akimwita kaka yangu kwa jina.

Sauti ya Jeptoo ikaanza tena kuimba kwenye spika, kwa Kikalenjin. Ukutani godoro likaanza kuburutwa. Nahashon akazungusha kitufe hadi mwisho, wati zote tatu, na chumba kikajaa. Mudiri alikuwa amefumba macho.

"Anasema nini?" akaniuliza.

Tangu nifike nchi hii sijawahi kuulizwa maana ya neno nikakosa jibu; nilipokosa, nilitunga. Huko nje mlango wa nyuma ukafunguliwa, ukafungwa.

"Sijui," nikamwambia mudiri, na nilikuwa nalia.