Pembe za Kifuko

Ipo siku moja, mwanangu Zuhura, ambayo kila nikiikumbuka nashindwa kukaa kitini. Nimeikumbuka tangu Jumapili, uliponisimulia namna mnavyojaza karatasi huko wodini unakojifunza uuguzi. Ulisema kazi ikiwazidi mnaandika joto na mapigo ya moyo kabla hamjamfikia mgonjwa kitandani, mnakisia kwa yale ya asubuhi. Nilipokutazama ukanijibu kwa Kiingereza chako cha Wembley kwamba kila mtu anafanya hivyo. Tangu hapo nachemsha chai naisahau, nafungua dirisha nalifunga, na mama yako kaniuliza mara mbili nimepoteza nini.

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, nafanya kazi kiwandani Hayes, huku Uingereza, karibu na uwanja wa ndege. Tulikuwa tunapakia chakula cha watoto wachanga, karoti na viazi vitamu vilivyopondwa, kwenye vile vifuko vya plastiki vinavyosimama vyenyewe dukani. Usijidai huvijui, umelelewa navyo. Mashine yangu ilikuwa ndefu kama basi. Upande mmoja inaingia plastiki bapa kutoka kwenye roli, inakunjwa katikati, na chini inasukumwa kwa ndani ipate kikunjo. Kikunjo hicho ndicho kitako: kifuko kikijaa, kinatanuka na kusimama. Kisha taya mbili za chuma zenye moto zinabana kitako na mbavu, plastiki inayeyuka kidogo na kushikana, na taya za baridi zinafuata kuugandisha mshono. Kisu kinakata, vinyonyo vya mpira vinafungua mdomo, chakula kinamiminwa, mdomo unazibwa. Niliipenda ile mashine, sikufichi.

Msimamizi wetu alikuwa Bi Shanta, Mhindi wa Mwanza aliyehamia Harrow na wazazi wake. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na hakukosa kunisahihisha. Siku yangu ya kwanza alinionyesha pembe mbili za chini za kifuko.

“Hapa plastiki ni tabaka nne, hapa mbili,” aliniambia. “Zinapokutana ndipo panapovuja. Moto hautoshi, kubana hakutoshi. Lazima taya zikae. Zipe muda wake.”

Kwa hiyo kila nusu saa tulichukua kifuko kimoja, tukakikata juu, tukakimwaga, tukatia maji ya rangi na kukisimamisha juu ya karatasi nyeupe kwa dakika kumi. Karatasi ikibaki nyeupe, unaweka tiki na saini yako kwenye fomu, naye Bi Shanta anatia yake chini.

Siku ninayokusimulia, mama yako alikuwa anakuja. Tulioana Tanga, nikamwacha huko, na nilikuwa sijamwona kwa mwaka na nusu. Ndege ilikuwa inatua saa saba mchana, na sikuruhusiwa kutoka mpaka oda iishe, kwa sababu lori lingeifuata saa kumi. Tangu asubuhi miguu yangu haikutulia. Nikaongeza mwendo wa mashine kidogo, halafu kidogo tena. Vifuko vilitoka wima, vizuri, sawasawa na vya jana yake. Muda wa kupima ulipofika niliona dakika kumi ni nyingi mno, nikaweka tiki. Na kwa kuwa mkono ulishaanza, nikaweka na tiki tatu za mbele, za nusu saa ambazo zilikuwa hazijafika. Oda ilipoisha Bi Shanta alipita, akanitazama usoni, akatia saini.

“Nenda, bwana harusi,” alinitania. “Asije akadhani umeoa mwingine.”

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mimi nilidhani nimeshadiriki.

Nilikuwa nimetia kifuko kimoja kwenye koti, nimwonyeshe mama yako, Rehema, kazi yangu. Tulipopanda basi la kurudi, masanduku miguuni, nikampa. Akakibonyezabonyeza, akakisimamisha pajani juu ya kanga aliyopewa na mama yake siku ya kuondoka, akacheka kwamba hata plastiki ya huku ina adabu. Nilifurahi sana, mwanangu. Nilikuwa nimeshika mkono wake na sikutaka kitu kingine. Kisha akakiinua, na kwenye kanga palikuwa na madoa mawili ya rangi ya karoti, moja kila pembe.

“Kinavuja hiki,” alisema. “Na vingine?”

Vingine vilikuwa kwenye maboksi mlangoni mwa kiwanda, vinangoja lori. Tundu linalotoa chakula ndilo linaloingiza uchafu, na chakula kile kingekaa dukani wiki kadhaa kabla ya kuingia kinywani mwa mtoto. Nililijua hilo. Nilijua pia kwamba nikisema, huenda nikafukuzwa siku ileile mke wangu amefika. Basi lilikuwa limeshaingia Hayes. Nilitazama kitufe cha kushukia, nikatazama dirishani, nikakiacha kituo kimoja kipite. Kituo hicho kimoja kinaniuma mpaka leo. Nilipobonyeza, Rehema hakuuliza tunakwenda wapi. Alikunja kanga, akashika sanduku dogo.

Tulifika tunahema, na lori limeshafungua milango. Nilimwambia Bi Shanta yote: mwendo, tiki, na zile za saa ambazo hazijafika. Hakupandisha sauti. Alilizuia lori, akaleta maji ya rangi, tukakata vifuko na kuvipanga meza nzima. Karatasi nyingi zilibaki nyeupe. Nyingine zikaanza kuota madoa pembeni, sisi tumesimama tunatazama. Mzigo wote ukatupwa.

Mama yako alikuwa kantini na masanduku yake, anakunywa chai ya kwenye kikombe cha karatasi, siku yake ya kwanza Uingereza. Bi Shanta akaiweka ile fomu mbele yangu.

“Salehe, mimi sikuzisoma tiki hizi,” alisema. “Nilikusoma wewe.”

Afadhali angenitukana.

Nilitolewa kwenye mashine, nikabeba maboksi miezi sita. Yeye alipewa barua ya onyo, kwa sababu saini yake ilikuwa chini ya yangu. Hakunitajia kamwe, niliisikia kwa watu. Nilipokwenda Harrow kumwomba radhi alinikaribisha chai, akauliza kama doa la kanga limetoka. Halikutoka. Ndiyo ile kanga iliyo chini kabisa ya kabati, ambayo ukimwuliza mama yako anabadilisha mazungumzo.

Najua utaniambia haraka haraka haina baraka umeisikia tangu utotoni. Mimi sikukatazi haraka, kazi yenu haingoji. Nakukataza kuandika usichokiona. Ukikosa muda, acha nafasi tupu. Nafasi tupu inasema kweli, na atakayeiona atajua aende kwa mgonjwa gani. Kifuko changu kilisimama wima huku kinavuja, na fomu iliyojaa tiki inaweza kuwa hivyohivyo. Tena chini ya saini yako yuko mtu anayetia yake kwa kukuamini tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huko wodini kwenu ukuta unaoanguka ni mtoto wa mtu. Kwa hiyo kesho ukifika, kabla hujavua koti, mwendee mkubwa wako umwambie namba zile ulizokisia. Utaogopa. Mimi niliogopa nikapitisha kituo kimoja. Wewe usipitishe hata hicho.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe mkono usioyatangulia macho, na kila mgonjwa utakayemshika ainuke. Ukishamwambia, nipigie. Nitakuwa hapa karibu na simu, nimesimama.