Dobi Aliyerudi Mkavu

Kaka yangu ni dobi. Kutwa anasimama mbele ya pasi ya mkaa, na nadhani moto umemkausha hata maneno. Ukimuuliza habari za kazi anajibu "nzuri", kisha anaomba maji ya kunywa. Ndivyo alivyo tangu utotoni.

Nesi alipompima presha alimwambia aanze kukimbia asubuhi. Siku za mwanzo alikimbia kama aliyeiba kuku. Alikuwa akirudi amelowa chapachapa, ameshikilia mlango, pumzi juujuu. Mkewe alimvutia kiti huku akimwombea kwa Mungu. Halafu ghafla akaanza kurudi mkavu. Anaondoka alfajiri, anarejea jua limechomoza, shati halina hata tone, tena anatabasamu.

Mkewe akanijia.

"Wifi, ndugu yako hakimbii."

"Anafanya nini basi?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe! Mtu akimbie muda wote ule, kwapa lisilowe? Na simu anaiacha mezani."

"Angekuwa na mtu si angeibeba?"

"Anayemfuata mtu kwa miguu, simu ya nini?"

Kumbe fundi viatu wa pale kona alishamwaga mafuta ya taa kwenye moto: alimsikia dobi nyuma ya ukuta wa ghala akiongea polepole, "kama anambembeleza mtu." Mume asiyeongea nyumbani, huko ukutani anaongea na nani?

"Tumwombe Mungu kwanza," nikasema.

"Tutaomba tukiwa njiani. Nikimkuta naye, siku hiyo hiyo narudi kwetu."

Kesho yake asubuhi nilipompitia wifi nikaona hakuwa na mzaha. Nguo zake zilikuwa zimefungwa kwenye shuka, mzigo uko mlangoni.

Tukajibanza nyuma ya rundo la mbao kando ya ghala. Nikaomba kimoyomoyo, "Mola, mfichie ndugu yangu aibu." Kisha nikajionea haya, nikaomba ukweli. Mara sauti ikaja, laini kweli, sijapata kuisikia kwake.

"...nikamwambia, bosi, suruali umeiunguza mwenyewe, usinisukumie mimi mbele ya mteja..."

Akatokea peke yake, anakimbia mdogomdogo, mwendo wa mtu aliyebeba ndoo kichwani. Wifi akamrukia.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo unayeongea naye!"

Kaka akatazama nyuma, akatutazama sisi. "Niliporudi kupimwa, nesi alisema nisikimbie mbio za kukata pumzi, niende mwendo wa kuweza kuongea. Nikishindwa kumaliza maneno, nipunguze. Sasa nisipoongea nitajuaje?"

"Kwa hiyo unaongea na ukuta?"

"Ukuta haunikatizi."

Nilicheka mpaka nikashika mbao. Wifi hakucheka. Alikuwa bado anachungulia kule ukutani, kama kuna mtu atachomoza.

"Miaka yote mimi naambiwa 'nzuri'," akasema, "ya bosi unauambia ukuta. Bora ningemkuta mwanamke, ningejua wa kugombana naye."

Kaka akainamisha kichwa. Niliufikiria ule mzigo pale mlangoni, nikaacha kucheka.

Wifi akavua kandambili, akazishika mkononi.

"Haya, kimbia."

Wakaanza sambamba. Hatua, hatua, kimya.

"Ongea!"

"Nianzie wapi?"

"Kwenye suruali."

Walipokata kona niliisikia ile sauti laini tena, kwanza kwa kigugumizi, halafu ikashika njia. Na sauti ya wifi ikaidakia, "Bosi gani huyo asiye na haya!"

Mzigo ulifunguliwa siku ile ile. Ila msidhani wifi yangu amelala. Siku asipokwenda naye humngoja mlangoni ampapase kwapa. Likiwa kavu, anapewa chai. Likiwa limelowa, hana chai mpaka ajibu:

"Leo umekimbia bila kuongea. Unanificha nini?"