Kamera Iliyokwama Lenzi

Usiku ule nililala nimekwisha kata shauri: kukikucha nimpelekee fundi kamera yangu kuukuu, naye anipunguzie bei ya mpya. Lenzi ilikuwa ikitoka nusu, inakwama, inalia kama inasaga mchanga.

"Kuitengeneza ni kujisumbua, dada," alikuwa ameniambia. "Niachie mimi niiuze hivyohivyo."

Niwaeleze kidogo kazi yangu. Napiga picha kwenye sherehe za kumuaga bi harusi, wanawake peke yao. Mlangoni simu hukusanywa kapuni. Ndani mitandio huvuliwa, nywele hushuka, watu hucheza. Kamera yangu tu ndiyo huingia, kwa sababu wananiamini.

Basi usingizini nikamwona Mwanaidi, shoga yangu niliyefanya naye kazi hii mpaka alipofariki. Kasimama sebuleni. Nikamsalimu, hakuitikia. Nikamsogezea kiti, akakipiga teke.

"Umeniuza, Rehema?"

"Nauza kamera, shoga. Kadi ya picha nimeshaitoa."

"Ehe! Mjanja wewe!"

Sebule inakuwa ukumbi wa sherehe. Wanawake wote wamenipa mgongo, hakuna anayenisemesha. Mlango uko wazi, na nje wanaume wanachungulia. Nakimbia kuufunga, haufungiki. Lenzi imekwama kwenye kizingiti, inasaga, inasaga. Mwanaidi ananikamata mkono, ananiminya.

"Nifunike kichwa."

Natafuta mtandio. Hakuna.

Nikazinduka, mkono unauma. Nikaiwasha kamera bila kadi. Lenzi ikalia, ikakwama, lakini kioo kikawaka. Kamera hii, ukisahau kuweka kadi, huhifadhi picha chache tumboni mwake. Na Mwanaidi alikuwa msahaulifu. Alikuwemo. Kajipiga picha mwenyewe kwenye kioo cha chumba cha bi harusi, nywele wazi, ulimi nje, na nyuma yake bi harusi anavalishwa.

Picha nyingine za bi harusi nikazifuta. Nikafika kwenye hiyo ya Mwanaidi, kidole kikagoma.

Asubuhi fundi akapiga simu. "Vipi dada, unaileta?"

"Mpya nitanunua kwa bei yake. Hii haitoki."

"Mbovu hiyo, ya nini?"

Nikakata simu. Nawe mwenye kamera au simu iliyochoka, itengeneze au ibadilishe, hiari yako. Ila kabla hujamkabidhi mtu, ifungue kwanza uone nani amebaki ndani. Yangu niliiviringisha kwa mtandio wangu mweusi, nikaukaza vizuri kama anavyofungwa mtandio mwanamke anayetaka kutoka nje, nikaifungia kabatini.