Nilikataa Mrija wa Mchumba Wangu Mbele ya Wakwe

Nimekosa, ndugu zangu, tena nimekosa mbele za watu. Sina wa kumsingizia. Shetani mwenyewe nadhani alishangaa siku ile!

Mimi ni Mrundi, nalima maharage hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda. Nilikuwa na mchumba, nitamwita Chantal, yatima aliyelelewa na mjomba wake. Tuliahidiana kungoja ndoa ya kanisani. Ila sitawadanganya: tulibusiana, tena sana, na mikono haikutulia. Zaidi ya hapo, hapana.

Wiki moja kabla ya siku ya mahari aliniketisha kando ya shamba, akaniambia ukweli.

"Nilizaliwa na virusi vya UKIMWI. Niko nakunywa dawa kila siku, na docteur anasema havionekane tena mu damu. Nakuambia weye juu nakupenda."

Nikamjibu sawa. Uongo! Nilipofika nyumbani nilisukutua mdomo kwa maji ya chumvi mpaka ufizi ukawaka. Nikahesabu mabusu yote, nikajiona maiti. Kuuliza mtu anayejua, sikuuliza. Mwanaume mzima niulize habari za busu? Niliona aibu.

Siku ya mahari ikafika. Kwetu, familia zikikubaliana, huletwa chungu cha pombe ya mtama, na watu hupokezana mrija mdomo kwa mdomo. Ukiukataa, ni kama umesema mwenzako ana sumu. Chantal akanywa, akanipa mrija huku akitabasamu. Nikaukataa.

Mjomba wake akasimama. "Mukwe, kuna nini? Unaogopa sumu?"

Nami, mpumbavu mimi, nikajibu: "Mumuulize dawa anakunywaka kila siku ni ya nini."

Watu wakatazamana. Kisha mama mmoja akaguna, na wote wakaelewa. Chantal hakulia. Alijifunika kitenge usoni, akaingia ndani. Ee Mungu wangu!

Kesho yake nikaenda mjini Mbarara kupimwa. Nesi, mama wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ssebo, bwana wangu, mate haiambukizi. Kubusu hapana, kushikana na mikono hapana, kunywa na mrija moja hapana kabisa. Na huyo msichana kama anameza dawa vizuri na virusi haionekani, hata mukilala pamoja hawezi kukupatia. Nani alikuambia ingine?"

Hakuna aliyeniambia. Majibu yakatoka: sina kitu! Badala ya kufurahi, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mara tatu nilienda kuomba msamaha, mjomba akanifungia mlango. Mara ya nne, miezi ikiwa imepita, alitoka nje.

"Aliacha kwenda kuchukua dawa, juu kila mutu mu foleni anamuangalia. Sasa amelazwa Mbarara. Uliogopa atakuua, kumbe ni weye."

Nikageuka, nikarudi shambani kwangu.

Nashukuru Mungu amerudia dawa zake, na nasikia anapata nafuu. Lakini Nakivale hataki kuisikia tena, wala jina langu. Ana haki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ndugu msomaji, ukiingiwa na hofu, muulize nesi kwanza, hata kama swali linakuaibisha. Na siri uliyopewa kwa mapenzi, ufe nayo! Mabusu yale hayakunidhuru chochote. Mimi ndiye niliyemlaza hospitali mtu aliyeniamini.