Toa Baba

Nilikuwa mtoto ambaye meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota, wakati mama yangu alishona boma letu lote kwa kitambaa. Tuliishi Manga, juu kwa kilima, mahali ukisimama unaona moshi wa watu wengi. Ni wakati wa vita vya pili vya Wazungu. Mwaka siujui, sikusoma, lakini najua wimbi shambani lilikuwa limeanza kuinama.

Mimi ndiye watu wa nyumba yetu huniita wakitaka kujua ugomvi fulani ulianza wapi. Nani alikataa kumsalimia nani, nani hali chakula kwa nani. Huu wa watu wa tata na watu wa mama nimeusimulia mara nyingi, na kila mara nimeacha kipande kimoja. Leo nitakisema.

Tata ni baba yangu mzazi, ndivyo tunavyomwita kwetu. Jina lake Ogeto. Alifanya kazi kwa shamba la mzungu huko Nyansiongo, akija nyumbani mara moja moja. Mama yangu ni Bosibori. Neno tunalomwita mama kwa Kikisii nitalisema mahali pake, kwa sababu hilo neno ndilo lilitumaliza.

Mwalimu wa kushona alikuwa Rispa, mke wa karani, mtu wa upande wa ziwa. Hakujua Kikisii. Alifundisha wanawake wa kanisa kwa Kiswahili na kwa mikono, na mikono ndiyo ilieleweka. Akawapa kila mtu kipande cha kitambaa cha marekani na nyuzi, akasema washone vile wanavyoona nyumbani kwao, avipeleke Kisii mjini watu waangalie.

Mama alishona kila kitu. Nyumba yetu katikati, ghala la wimbi, migomba mitatu. Ng'ombe alitoka mkubwa kuliko nyumba, na mguu mmoja wa ziada. Nilimuuliza huo wa tano ni wa nini, akasema, "Huo ni wa kupiga watoto wanaouliza." Upande wa kushoto alijishona mwenyewe kwa uzi mwekundu, amesimama, mtungi kichwani, vidole vimetawanyika kama meno ya reki. Upande wa kulia wa nyumba alimshona tata amelala kwa ngozi ya ng'ombe. Alitaka apumzike. Nafikiri alimlaza pale kwa sababu alikuwa na hamu naye.

Kazi yangu ilikuwa kufumua. Mama akikosea, ananipa kitambaa na sindano, nami natoa uzi polepole bila kurarua. Nilijua hiyo kazi vizuri na nilijivuna nayo.

Siku magokoro, mama yake tata, alipoona hicho kitambaa, mimi nilikuwa nje napukuchua maharagwe. Haya ya ndani niliambiwa nikiwa mkubwa. Alikiangalia mbele, akakigeuza, akaangalia mafundo ya nyuma.

"Mok'Ogeto," akasema, yaani mke wa Ogeto, "huyu aliyelala ni nani?"

"Ni yeye mwenyewe. Anapumzika."

"Upande huo?"

Kwetu mtu akifa anazikwa kando ya nyumba yake. Ukisimama mlangoni ukiangalia nje, mkono wa kulia ni wa mwanamume, wa kushoto ni wa mwanamke. Mtoto mdogo anajua. Lakini mama alikuwa ameishona nyumba vile unavyoiona ukiwa njiani unakuja, kwa hiyo mkono wa kulia wa kitambaa ni wa kushoto kwa aliyesimama mlangoni. Akamwambia magokoro hivyo, kwamba kwa kitambaa ni kama amemlaza upande wa wanawake, hakuna neno.

Magokoro akageuza kitambaa tena. "Na huku nyuma? Huku nyuma yuko wapi?"

Huko nyuma, kila kitu kilikuwa kimehama upande, na tata alilala pale pale panapochimbwa.

"Mama, ni uzi tu."

"Umemlaza na ukamfunga fundo. Mtoe. Mtoe leo kabla ya jua kushuka."

Hayo ya mwisho ndiyo niliyasikia, kwa sababu alikuwa ametoka mlangoni. "Mtoe." Lugha yetu haionyeshi kama ni mwanamume au mwanamke. Nilijua tu kuna mtu wa kutolewa, na kwamba magokoro alipita karibu na mimi bila kunishika kichwa vile alikuwa anafanya.

Mama akachukua mtungi akaenda mtoni. Nafikiri alitaka hasira ipoe kwanza. Njiani magokoro akakutana na Rispa anazunguka kukusanya vitambaa, akamweleza na Kiswahili chake kidogo: picha mbaya, mwanaume toa.

Rispa akafika kwetu, akasimama nje ya ua, mtoto mgongoni analia.

"Mama yako yuko wapi?"

Nikakisia anamtafuta nani, nikaonyesha mtoni kwa mdomo.

"Wewe ndiye fundi wa kufumua, eh? Sikiza. Kwa kitambaa, toa baba. Umesikia? Toa baba, nyanya yako asigombane na watu. Narudi sasa hivi."

Kiswahili changu wakati huo kilikuwa maneno matatu: kuja, lete, toa; mengine niliyakisia kwa mkono wake uliokuwa ukivuta uzi hewani. Hilo la nne, baba, nililijua tangu kuzaliwa, kwa sababu lilikuwa letu. Kwa Kikisii, baba ni mama. Mtoto wa Kisii akianguka, analia baba, na anayekuja mbio ni mama yake.

Nikaingia ndani, nikakaa karibu na mlango penye mwanga, nikamtoa mama.

Nilianza na mtungi. Halafu kichwa, halafu ile mikono ya reki, kidole kwa kidole. Nilifanya vizuri sana. Sikurarua hata mahali pamoja. Miguu ndiyo ilikuwa ngumu, alikuwa ameifunga sana, ikabidi nikate fundo kwa meno. Nilipomaliza, mahali aliposimama palikuwa na matundu tu, madogo madogo, yamekaa kama mtu. Uzi mwekundu wote ulikuwa kwa mapaja yangu.

Kivuli kikaingia mlangoni. Mama alikuwa amesimama pale na mtungi kichwani, vile vile. Akaangalia kitambaa, akaangalia mapaja yangu. Sikumuona akikasirika. Alishusha mtungi polepole sana, kama mtu anashusha kitu kilicholala, kisiamke.

Nyuma yake magokoro na Rispa walikuwa wanaingia uani. Mama aliinama haraka, akakusanya ule uzi akaufinya kwa ngumi yake.

Magokoro akachukua kitambaa. Akaona tata bado amelala. Akaona yale matundu.

"Nani amefanya hivi?"

Mkono wa mama ulikuwa kwa bega langu. Ukakaza.

"Ni mimi," mama akasema. "Nimejitoa. Uzi haukukaa vizuri."

"Na mwanangu?"

"Nitamtoa yeye sasa."

Lakini Rispa alikuwa ameshika kitambaa. Hakuelewa Kikisii chetu, aliona tu pengo kubwa mahali mtu alikuwa, na labda hakukumbuka aliyekuwa pale ni nani. "Sawa, imekwisha," akasema, akakunja. "Lori haitaningoja." Mama akamkimbilia mpaka njiani, akimwita, akimtafutia Kiswahili. Rispa alikuwa akitembea haraka, mtoto analia, akapunga mkono akidhani anaagwa.

Magokoro alisimama akimwangalia mama akirudi.

Wimbi halikuwa limevunwa bado wanaume wanne walipomleta tata kwa machela ya miti, kutoka Nyansiongo. Alianguka kutoka mkokoteni wa mahindi, gurudumu likampita kifuani. Wakamchimbia pale pale, mkono wa kulia wa nyumba. Nilisimama nikiangalia udongo, nikijua tayari atakavyolala.

Watu walipokuwa wameketi, magokoro akasimama. Hakupiga kelele. Ingekuwa rahisi kama angepiga kelele.

"Nilimwambia huyu mwanamke amtoe mwanangu," akasema. "Akajitoa mwenyewe. Alijua kunakuja nini, akajitoa, akamwacha Ogeto amelala. Muulizeni. Alisema kwa mdomo wake."

Wakamuuliza. Mama akaniangalia mimi, mara moja tu, halafu akaangalia mikono yake.

"Nilisema," akajibu.

Mimi nilikuwa na ulimi. Nilikuwa nimeketi karibu na mguu wa magokoro, nilikuwa na ulimi, na sikuutumia.

Ndugu za mama wakaja kutoka Nyamache wakamchukua. Mimi nikabaki, mtoto ni wa kwao baba yake. Tangu hiyo siku watu wa Nyamache hawaji kwa matanga yetu na sisi hatuendi kwa yao. Wajukuu wanaokataliana salamu sokoni hawajui hata kulikuwa na kitambaa.

Nilipoolewa nilienda kumtembelea mama. Alikuwa amezeeka kabla ya wakati wake, anapepeta wimbi. Nikamwambia, baba, kwa nini ulisema ni wewe?

Hakuacha kupepeta. "Mimi nilikuwa na kaka zangu. Wewe wangekuita mtoto aliyemtoa mama yake na kumwacha baba yake chini. Na jina kama hilo, ungeenda wapi?"

"Lakini ni Rispa aliniambia."

"Najua. Nilifikiria mpaka nikajua." Akacheka kidogo. "Hata mimi angeniambia hivyo siku za kwanza, kabla sijajua Kiswahili chake, ningejitoa."

Alizikwa huko kwa kaka zake. Ile nyumba yetu ya Manga ilianguka zamani, lakini mahali pake panajulikana, na upande wa kushoto hakuna mtu. Panaota maboga.

Kitambaa kilirudi kutoka Kisii baada ya mavuno. Magokoro alikificha kwa chungu na hakukichoma. Sijui kwa nini. Alipokufa nikakichukua. Sijui pia kama uzi unaua mtu. Tata aliuawa na gurudumu, na bado sijawahi kulala upande wa kulia wa nyumba yoyote, wala sitaki mtu anishone wala anipige picha nikiwa nimelala. Lakini jambo moja najua. Mama hakutolewa na sindano. Matundu yale angeyashona tena siku ile ile kitambaa kingerudi. Alitolewa na mdomo wangu, siku niliyoufunga.

Juzi nilinunua uzi mwekundu. Macho yangu hayaoni matundu tena, lakini kidole kinayapata, hayakuziba miaka hiyo yote. Nimeanza na miguu, ile aliyoifunga sana. Tata nimemwacha, yeye ameshalala. Mama namrudisha pale pale alipokuwa, mtungi kichwani, amesimama. Nikimaliza nitakibeba mpaka Nyamache, nikitandaze mbele ya watoto wa kaka zake, na nitawaambia nani alimtoa.